Mtoto kalala, mimi bado nakata maboksi

Mwezi huu naona gundi imetawala, barua zimejaa maboksi na soksi na midoli ya matambara. Nimechukua chache tuzijibu, nyingine subirini.

Anti, hivi hii ni ya mtoto au yangu?

Anti habari za kazi, natumai u mzima. Mimi ni baba wa binti wa miaka minne. Kazi yangu ni ya hesabu, kutwa nzima niko na namba na kompyuta, sikumbuki mara ya mwisho kuchora hata ua. Sasa binti akanililia anataka kitanda cha mdoli, nikaona kununua kitanda cha mdoli ni ujinga, nikachukua boksi la viatu nikalikata kata, si nikanogewa! Kitanda kikazaa meza, meza ikazaa kabati, na hilo kabati lina droo za viberiti vitupu, zinavutika kabisa, vishikio vyake ni shanga, yaani nilikuwa nikipita sebuleni lazima nisimame niliangalie. Siku hizi mtoto akishalala ndo naanza kazi, mama watoto ananipigia kelele nizime taa. Tatizo, binti kalichezea kidogo tu, kachomoa droo zote kazijaza vijiwe, ati ni mabasi, kabati limebaki matundu. Nilichukia Anti, sikusema ila nilichukia. Na akija kunisaidia anamwaga gundi kila mahali inabidi nirekebishe usiku yeye akiwa kalala. Mke wangu anasema mtoto hapa ndani ni mimi. Ni kawaida hii au niache?
— Baba Droo

Kaka yangu usiache bwana, uache ukafanye nini, uongeze namba? Mtu anayeshinda na vitu visivyoshikika akipata kitu cha kukata na kubandika halafu akakiona kimesimama mezani lazima roho itulie. Na wala hujaanza wewe, wazazi kibao wanaoniandikia walianza hivyohivyo, kaombwa kitu na mtoto, kakitengeneza huku analalamika, kesho yake anatafuta boksi lingine kimyakimya. Mwambie wifi yangu azime taa ya chumbani, ya sebuleni akuachie.

Ila tuambizane ukweli, lile kabati lilikuwa lako. Ulilitengeneza mtoto akiwa kalala, ukampa likiwa limeisha kila kitu mpaka vishikio, hakuna kilichobaki cha yeye kufanya zaidi ya kulifumua, na kwa umri wake kufumua ndo kucheza kwenyewe. Halafu hebu angalia alichofanya: kiberiti kikawa basi, vijiwe vikawa abiria. Wewe ulitengeneza kabati linalofanana na kabati, mwenzio katoa basi kwenye droo, sasa hapo aliyebuni nani?

Kinachonisumbua kwenye barua yako sio kuchukia, kuchukia ni haki yako, kazi ya mikono inauma ikivunjwa. Kinachonisumbua ni kule kurekebisha usiku. Hiko kitu acha leo hii. Mtoto anaamka anakuta jicho la mdoli alilobandika shavuni limehamia mahali pake, atanyamaza, ila keshaelewa kwamba kazi yake haikutosha, na siku nyingine ukimpa gundi atakwambia "baba nifanyie". Nikiona mtoto wa miaka minne anasema hajui kubandika huwa naangalia kwanza mikono ya mkubwa aliyekaa naye.

Fanya hivi, gawa kazi. Yako iwe yako, weka juu ya kabati la kweli, sema wazi kabisa "hii ya baba, tunaangalia kwa macho". Mtoto anaelewa mali ya mtu, si na yeye ana vyake anakukataza? Na ya kwake umpe ikiwa nusu. Wewe kata boksi, kwa sababu kisu cha kukatia boksi sio cha mtoto hata ukiwa umemsimamia, halafu yeye apake, achane karatasi, abandike, atoboe. Kuchana karatasi watu wanadharau ila kunavipa vidole kazi kweli, vyote viwili vya kushikia vinafanya kazi kwa pamoja, na hivyohivyo ndo vitakavyoshika penseli kesho. Mkasi mpe, wa ncha butu, na badala ya kumpa karatasi nzima kata vipande vyembamba kama upana wa kidole ili kila akibana mkasi mara moja kipande kinadondoka, utamuona anavyocheka. Kama anatumia kushoto mtafutie mkasi wa kushoto, ule wa kawaida ukiwa mkono wa kushoto karatasi inajikunja katikati ya makali badala ya kukatika na mtoto anadhani yeye ndo hawezi.

Gundi nayo usimpe chupa, mwekee kidogo kwenye kifuniko na brashi, ikimwagika imemwagika kifuniko kimoja. Au pika ya unga, unga wa ngano kijiko kikubwa kimoja koroga na maji kidogo ya baridi usiwe na mabuje, ongeza maji mpaka nusu kikombe, bandika motoni moto mdogo huku unakoroga mpaka uzito uje, ipoe ndo umpe. Kwa karatasi na maboksi inashika vizuri tu. Ukitaka kutengeneza vitu vya magazeti yaliyolowekwa kwenye hiyo gundi, vichwa vya wanyama na mabakuli, weka matabaka machache kisha acha yakauke kabisa ndo uongeze, ukirundika mabichi juu ya mabichi ndani panaota ukungu na harufu yake hutaipenda.

Na kwa vile najua hutaacha, nikuongezee la kwako wewe: boksi gumu lina mifereji ndani yake. Miguu ya meza ikatwe mifereji ikiwa imesimama wima, ikilala miguu inakunjika. Mahali pa kukunja pitisha kalamu iliyoisha wino kwenye rula kwanza, boksi litakunjika kwa mstari kama limetoka kiwandani.

Kingine, usimuahidi zawadi ati akimaliza kubandika atapata kitu. Kuna jaribio la Marekani la mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake wawili, walichukua watoto wa chekechea ambao kuchora walikuwa wanakupenda wenyewe bila kuambiwa. Kundi moja wakaahidiwa cheti kizuri chenye utepe wakichora, kundi lingine wakapewa cheti kwa kushtukizwa, wengine hawakupewa kitu. Baadaye zile kalamu zilipowekwa tena darasani kila mtu achague mchezo wake, wale walioahidiwa cheti ndo walizigusa kwa muda mfupi kuliko wenzao. Kilichokuwa mchezo kimeshakuwa kibarua. Sasa wewe binti yako anakuja mwenyewe mbio mezani ukitoa boksi, utampa zawadi ya nini tena? Muulize tu "hili basi linaenda wapi?", utapata hadithi ndefu mpaka ujute.

Midoli ya matambara na mtoto anayetambaa

Anti mambo. Mimi nimeanza kushona midoli kwa nguo kuukuu, wa kwanza alikuwa na kichwa kikubwa kama jipu lakini mwanangu wa miaka mitano kampenda hamuachi hata bafuni. Sasa nina na kadogo ka miezi tisa kanatambaa na kila kitu mdomoni. Je midoli yangu ni salama? Nimeweka macho ya vifungo na ndani nimejaza maharage ili akae vizuri. Pia nataka kuwafanyia udongo wa unga wa kufinyanga, naomba kipimo.
— Mama Sindano

Mama Sindano mdogo wangu, hapo kwenye vifungo na maharage nimeshtuka. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 hivyo vyote viwili havifai, hata ushone kwa uzi wa kamba. Kifungo kikilowa mate na kuvutwa kila siku uzi unalegea tu, na maharage yanasubiri mshono mmoja uachie. Macho darizi kwa uzi moja kwa moja kwenye kitambaa, tena yanapendeza zaidi, ndani jaza pamba au matambara yaliyokatwa madogomadogo na kufuliwa. Mshono uwe ule wa kurudi nyuma, sindano inarudi hatua moja ndo inaenda mbele mbili, usitumie ule wa kupitisha tu juu chini, huo ukikatika sehemu moja wote unafumuka. Ukimaliza vuta mkono wa mdoli kwa nguvu zako zote. Ukichomoka kwako ujue ungechomoka kwake.

Kupima vitu vidogo chukua kile kibomba cha katikati ya toileti pepa, kitu kikipita humo kisifike kwa huyo wa miezi tisa. Kile kifaa rasmi wanachopimia midoli ya watoto wa chini ya miaka 3 ni chembamba zaidi, upana wake ni milimita 31.7, kwa hiyo ukitumia kibomba unakuwa umejiongezea tahadhari. Kamba ndefu na riboni za shingoni toa. Puto lililopasuka okota vipande vyote. Na akilala, kitandani kwake pasiwe na mdoli wowote mpaka afikishe mwaka, hata ule uliomshonea kwa mapenzi yote.

Moja ambalo watu wa kazi za mikono wanalisahau: zile kadi zinazoimba ukizifungua, wengine wanatoa kale kamashine wanashonea ndani ya mdoli ili aimbe. Usifanye. Ndani kuna betri ndogo bapa mviringo, mtoto akiimeza ikakwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani ndani ya masaa mawili tu. Ukihisi kameza usisubiri kuona dalili, ni hospitali mbio.

Udongo sasa. Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, mafuta ya kula vijiko vikubwa viwili, changanya halafu maji ya uvuguvugu kama robo tatu ya kikombe, tia kidogokidogo huku unakanda, ukinata mkononi ongeza unga, ukipasuka ongeza maji. Hautaki kupikwa. Rangi weka ya chakula. Funga kwenye kopo lisilopitisha hewa uweke kwenye friji, chumvi inausaidia usiharibike haraka, ukianza kunuka au kuota madoa tupa. Huo ni wa mkubwa, mdogo asiupate kabisa maana unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu na ile chumvi ni nyingi mno kwa mtoto. Kama mna mbwa hapo nyumbani pia usiuache chini, chumvi hiyo inaweza kumuua.

Na usione haya kwamba ni wa nyumbani. Hata ile Play-Doh maarufu ilianza kama kitu cha kusugulia masizi kwenye karatasi za ukutani, mpaka mwalimu mmoja wa chekechea huko Marekani, Kay Zufall, akawapa watoto wafinyangie, ndo mwaka 1956 ikaanza kuuzwa kama mchezo. Kwa hiyo ilitoka kwenye usafi wa nyumba, ya kwako imetoka jikoni, sioni tofauti kubwa.

Kijana wa miaka tisa anaona aibu

Anti nimemshonea mwanangu begi la kalamu, nimetumia suruali yake ya zamani ya jinzi, zipu imekaa vizuri, hata fundi alisifia. Kalipeleka shule mara moja tu, sasa anasema anataka la dukani kama wenzake. Nimeumia sana. Nimlazimishe?
— Mama Zipu

Pole mama, lakini usimlazimishe. Miaka tisa mtoto anaishi machoni pa wenzake na wewe begi hukulichagua naye. Kalamu atatia kwenye la dukani, hilo lako tia sindano zako. Halafu nyamaza kidogo, usimshonee kitu kingine. Siku akikukuta unashona akasimama hapo kuangalia, mpe suruali nyingine na sindano ya kweli, sio ya plastiki, aharibu. Akitaka mfuko wenye fuvu la kichwa aweke fuvu. Mtoto wa umri huu anaweza kushona mshono wa mkono, kupiga msumari, kukata mbao laini kwa msumeno mdogo ukiwa pembeni yake, na kitu alichokitoboa mwenyewe hata kikiwa kimepinda huwa anakibeba mpaka darasani bila kuambiwa. Akikataa kabisa pia sawa, sio kila mtu anapenda uzi. Wewe endelea kushona.

Vitu vimejaa, nitupe?

Anti swali fupi, nyumba imejaa maroboti ya trei za mayai, nikitupa analia.
— Nimezidiwa

Usitupe kimyakimya, ataviona kwenye pipa. Chukua boksi moja, lijae ndo mwisho, kikitaka kuingia kipya yeye mwenyewe achague cha kutoka. Kinachotoka kipige picha yeye akiwa amekishika. Vya gundi ya unga vilivyolowa viondoe kwanza kabla ya vyote, vinaita mende.