Nyama, ng'ombe na joto: maswali yenu ya wiki hii

Safari iliyopita niligusia tu habari ya nyama na mazingira, meseji zikamiminika. Nimechukua chache.

Eti ng'ombe anachafua hewa kuliko daladala? Si anakula majani tu? (Kijana, Area C)

Ndo hayo hayo majani. Tumboni mwa ng'ombe kuna vijidudu vinavyoyachachusha, hapo inatengenezwa gesi ya methani, na nyingi inatokea mdomoni akibeua wala sio huko nyuma mnakokufikiria nyie. Methani inashika joto kama mara 28 zaidi ya kaboni dayoksaidi, ile ya moshi wa magari, ukipima kwa miaka 100. Daladala moja inamshinda ng'ombe mmoja mbali sana, ila ng'ombe duniani wako kama bilioni moja na nusu, afu kuna misitu inayofyekwa kwa ajili ya malisho, Amazon huko ndo balaa. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2013 walikadiria mifugo yote inachangia asilimia 14.5 ya gesijoto (gesi zinazoipasha dunia joto) inayotokana na binadamu.

Sisi nyama ni Jumapili kwa Jumapili, nusu kilo watu sita. Na sisi tupunguze? (Mama, Chang'ombe)

Hapana mama, kuleni. Wizara ya mifugo imekuwa ikitaja kama kilo 15 za nyama kwa Mtanzania kwa mwaka, Marekani wanavuka 100. Hayo mahubiri ya kupunguza ni ya kwao, na ya wale wa hapa Dodoma mjini wanaoagiza kilo nzima ya choma kila wikendi na kubakiza nusu mezani. Mnajijua.

Bora mbuzi au kuku? (Bila jina)

Kuku. Utafiti wa Poore na Nemecek wa 2018, uliopima mashamba ya nchi 119, ulionyesha kwa protini ileile ng'ombe wa nyama anatoa gesijoto karibu mara tisa ya kuku, kondoo na mbuzi wako katikati.

Mume wangu bila nyama anaona hajala. Nimpikie nini? (Dada, Nkuhungu)

Dada usimtangazie vita, we mpunguzie kimyakimya. Robo kilo ya nyama ichanganye na kunde au choroko, weka nyanya na kitunguu cha kutosha, siku nyingine mlenda wa karanga na ugali wa mtama, dagaa hapo pembeni, uone kama atauliza. Kunde kavu karibu robo ya uzito wake ni protini na zinavumilia ukame wetu, afu zinarutubisha udongo. Ila loweka toka usiku! Watu wanasifia maharage na kunde kwamba zinaokoa mazingira halafu wanazichemsha masaa matatu kwa mkaa, sasa umeokoa nini? Na mbaazi jamani, zinalimwa hata hapo Kondoa, mwaka 2017 India walipobana kuziingiza kwao bei ikaanguka wakulima wakalia, wakati sisi wenyewe tulikuwa hatuzili.

Nyama ya maabara je? (Kijana, UDOM)

Hiyo ni nyama inayokuzwa kutoka seli za mnyama bila kuchinja; Singapore waliruhusu ya kuku iuzwe 2020. Kwa boom lako hilo la mkopo wa chuo, endelea na maharage.

Nina ng'ombe wengi kidogo, kila kiangazi wanakufa. Mnataka tuuze wote? (Mfugaji, Chamwino)

Shikamoo mzee. Wote hapana, maziwa na samadi utavipata wapi. Ila kule Kondoa unakumbuka makorongo yale, serikali ikaanzisha HADO (mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma) 1973, na 1979 mifugo ikatolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika. Nyasi na miti vilirudi kweli, lakini watu walikosa maziwa, ikabidi baadaye waruhusiwe kufugia ndani. Mi naona hapo katikati ndo penyewe. Ng'ombe wetu anachukua miaka minne mitano kupata uzito, muda wote huo anabeua, na kila kiangazi anakonda anaanza upya, kwa hiyo wachache walioshiba wana faida kuliko zizi la mifupa. Wauze madume mapema, mwezi wa tano wa sita wakiwa bado na nyama, usisubiri wa kumi. Tenga eneo lifungwe msimu wa mvua ulilishie kiangazi, Wasukuma wanaita ngitili, ongezea mashudu ya alizeti. Ukitafuta dume la mbegu, ulizia ng'ombe wa Mpwapwa, alizalishwa hapo hapo kwa ajili ya ukame wetu na anatoa nyama na maziwa.