Usimwinue mtazamaji kwa nguvu wakati wa wimbo wa taifa. Mimi nilimwinua

Mkuu, katibu mwenzangu, usifanye hivyo. Nimeusoma mpango uliouweka hapa kundini mara mbili: fainali ya mpira ya kata yenu huko Lindi ni Jumamosi, mgeni rasmi anakuja, mmeteua vijana sita wa kuzunguka uwanja wakati wimbo wa taifa unaimbwa, na atakayebaki amekaa atolewe nje bila kurudishiwa kiingilio. Unauliza kama ni haki kumtaka kila mtazamaji asimame. Umeuliza pia spika ngapi zinatosha, na kama wimbo uimbwe kabla ya mgeni kukagua timu au baada. Hayo nawaachia wengine wakujibu. Hilo la vijana sita ndilo lililonifanya niache chakula nishike simu.

Na kabla hamjaanza kuniita msaliti: mimi husimama. Nikisikia "Mungu ibariki Afrika" redioni nikiwa na tonge mkononi, tonge linarudi sahanini. Nimekulia jirani na kituo cha polisi. Saa kumi na mbili jioni filimbi ikilia bendera inashushwa, tulikuwa tunaganda barabarani kama miti, hata mpira uliokuwa unabingirika tuliuacha uende mtaroni. Kwa hiyo mapenzi ya nchi msinifundishe hapa.

Sasa sikia yaliyonikuta.

Nilikuwa katibu wa kamati ya kombe la mbuzi mtaani kwetu, hapa Mtwara, upande wa pwani. Uwanja ni wa mchanga, minazi upande mmoja, milingoti ya goli ni miti ya mivinje. Fahari yetu ilikuwa nyavu. Mitaa mingine wanacheza goli tupu, na kila bao ni ugomvi: umeingia, haujaingia. Sisi nyavu zetu alitushonea mzee mmoja mvuvi, tulimwita Mzee wa Nyavu. Alichukua majarife yaliyochakaa, akayakata, akayaunga kwa sindano yake ya mti, fundo kwa fundo. Kila siku ya mechi alikuja kuzifunga mwenyewe. Hakuwahi kutuomba hata hela ya soda.

Wiki moja kabla ya fainali akaja kikaoni jamaa mmoja aliyejitambulisha kama mtu wa itifaki. Alisema amepanga sherehe kubwa kuliko zetu, akatutajia vyeo vya watu aliowapokea, na sisi tukakaa kimya kama watoto wa chekechea. Akatuambia kila mtazamaji lazima asimame, ni sheria. Alisema hivyo tu, "ni sheria", na hakuna kati yetu watu tisa aliyemuuliza sheria ipi, kifungu cha ngapi. Akaongeza kuwa mgeni rasmi akiona hata mtu mmoja amekaa, mtaa wetu utaandikwa vibaya. Akatupa mfano wa bendera kituoni: "Mbona pale mnasimama wote, nani anabisha?"

Ule mfano ndio uliotumaliza. Ningekuwa na akili ya leo ningemjibu palepale. Pale kituoni anayetembea ndiye anayesimama. Mwenye baiskeli anashuka. Mama anayeuza ming'oko kibarazani, aliyekaa na ungo wake tangu alasiri, anabaki amekaa, anaacha tu kuhesabu chenji na kutulia. Sijawahi kumwona askari akimfuata. Kinachotakiwa pale ni utulivu, na yeye ametulia. Lakini sikumjibu. Niliandika kwenye daftari la kumbukumbu: "Azimio: wote wasimame. Msimamizi: katibu." Yaani mimi.

Siku ikafika. Watoto wa shule ya msingi ndio walioimba. Timu zimejipanga katikati, mgeni rasmi amesimama, watu wameinuka pande zote. Mimi nazunguka na kizibao changu cha kijani natafuta aliyekaa. Watoto wamefika "hekima, umoja na amani", nikamwona. Mzee wa Nyavu, nyuma ya goli la upande wa minazi, amekaa juu ya kipande cha ngalawa kuukuu, kikoi cha bluu amekitandaza mapajani, mikono yote miwili juu ya kikoi.

Nilimwendea kwa hasira. Sikumwamkia. Mtu wa rika la babu yangu, ambaye kila siku nikikutana naye shikamoo inatoka yenyewe, siku hiyo nilimwambia, "Simama." Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, niache." Nikadhani ni ubishi. Nikamshika kwapani nikamvuta juu.

Kikoi kikaanguka.

Ngoja niseme kwa staha. Sisi watu wa pwani ya Kusini ugonjwa wa mabusha na matende tunaufahamu, tunajua unaletwa na mbu, kila familia ina mjomba au babu, na dawa za kingatiba tunagawiwa mitaani tunameza. Mzee alikuwa nao, na ulikuwa umefika mbali. Akiwa amekaa na kikoi chake hujui kitu. Akisimama, hata shati refu halifichi. Na mimi nilimsimamisha mbele ya wanawake, watoto, wakwe zake na mgeni kutoka mjini, wakati watu wote wamenyamaza na hawana pengine pa kutazama.

Watoto waliokuwa nyuma ya goli wakacheka. Ni watoto, siwalaumu. Mjukuu wake alikuwa kwenye mstari wa timu, jezi namba saba. Akatoka mstarini mbio, akaokota kikoi, akamfunga babu yake kiunoni, akamshika mkono wakaondoka kupitia minazini. Waimbaji walikuwa wameingia ubeti wa pili. "Wake kwa waume na watoto." Mpaka leo ukifika mstari huo mimi natazama chini.

Usiku huohuo nililala macho nikikumbuka kitu ambacho kilikuwa mbele yangu miaka mitatu. Mzee alikuwa anafika uwanjani saa saba mchana, jua kali, hakuna mtu, anafunga nyavu. Mechi ikiisha anabaki amekaa palepale mpaka giza liingie na wa mwisho aondoke. Tulikuwa tunasema mzee anapenda mpira kuliko nyumba yake. Alikuwa amepata namna yake ya kuja kutazama mpira pamoja na watu bila kusimama mbele ya mtu yeyote. Mimi nikaivunja kwa dakika mbili.

Kikao cha wazee kilikaa. Nililipa mbuzi na shilingi 150,000, na zilikuwa halali yao. Yule mtu wa itifaki tulimpigia aje aeleze sheria yake. Simu haikupatikana siku ile, na baadaye alipoanza kupatikana akawa hapokei. Nimejaa hasira naye mpaka hapa, ndugu zangu. Mtu anakuja, anakupa fimbo, anakuonyesha wa kupiga, halafu siku ya kuulizwa yeye yuko safarini! Na mgeni rasmi mwenyewe, tuliyeambiwa ataudhika, aliniambia baada ya mechi kwamba hakuwa anatazama watazamaji hata kidogo. Alikuwa anatazama bendera. Wimbo ulipokuwa unaimbwa, yeye alifanya kilichompasa. Mimi, msimamizi wa heshima, ndiye peke yangu niliyekuwa natembea uwanja mzima na kunyooshea watu vidole. Hilo lilinichoma kuliko faini.

Nilikwenda nyumbani kwa mzee mara tatu kuomba radhi. Mara mbili mkewe alinikaribisha maji na kuniambia amepumzika. Mara ya tatu akatoka, akakaa mkekani, akaendelea kushona wavu wake. Niliongea sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Saa saba tulikuwa wawili tu pale uwanjani. Ungeniambia leo ni lazima kusimama, ningefunga nyavu nikaenda zangu." Hakuongeza neno. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

Hakurudi tena uwanjani. Nyavu ziliachwa, zikaliwa na jua na mbuzi. Yule mjukuu sasa anachezea mtaa wa jirani. Akitufunga hashangilii, anageuka tu anarudi katikati, na huku nyuma watu wetu wameshaanza: umeingia, haujaingia.

Baada ya hapo nikaanza kusoma, kwa sababu nilitaka kujua kama ni mimi peke yangu duniani. Si peke yangu. India, Oktoba 2016, kwenye sinema huko Goa, mtu mwenye ulemavu wa uti wa mgongo alipigwa na watazamaji wenzake kwa sababu hakusimama wimbo wa taifa ulipopigwa. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 30 Novemba, mahakama yao ya juu kabisa ikaagiza sinema zote nchini zipige wimbo na watu wote wasimame. Januari 2018 mahakama hiyohiyo ikalegeza, ikasema si lazima tena sinema kuupiga. Nilipofika habari ya yule mtu wa Goa niliiweka simu kifudifudi.

Na hapa kwetu, aliyeandika hapa kundini kwamba "ukiwa Mtanzania huna hiari" ya kutosimama akasome hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 2013, ya wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova kule Mbozi walioadhibiwa shuleni kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Wanafunzi walishinda. Sasa kama mwanafunzi darasani ana haki yake inayolindwa, wewe utamtoaje nje mtu aliyelipa buku yake kutazama mpira?

Mwingine ametoa mfano wa Kaepernick, yule Mmarekani aliyekataa kusimama wimbo wa taifa lao. Huyo alikuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani, mwaka 2016, na alikuwa na ujumbe kuhusu watu weusi wanavyotendewa na polisi Marekani. Alianza kwa kukaa benchi, kisha mwanajeshi mstaafu akamshauri apige goti badala yake. Ni mjadala mkubwa na una heshima yake, lakini mzee wangu hakuwa anapinga kitu. Nyie mnaona mtu amekaa mnadhani anatoa tamko. Wengi waliokaa wana goti, wana mimba, wana mtoto amelala mapajani, wana jambo ambalo hawatakueleza wewe katibu hadharani.

Unataka kuona watu wanavyosimama wenyewe? Januari 2024 tulikuwa kibanda umiza tunatazama AFCON, Stars na Zambia, San Pedro. Mnajua Zambia tuni yao na yetu ni moja, ile aliyoitunga mwalimu Enoch Sontonga kule Afrika Kusini mwaka 1897. Basi tuni ikapigwa mara mbili. Watu waliinuka mara ya kwanza, wakakaa, wakainuka tena, kwenye banda la makuti ambalo ukisimama kichwa kinagusa paa. Hakuna aliyeamrisha. Kulikuwa na vijana wawili hawakusimama na hakuna aliyewageukia, kila mtu macho kwenye runinga. Daka wa Zambia aliposawazisha dakika ya 88 wale wawili ndio waliolia kuliko sisi wote.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako: kutarajia watu wasimame ni sawa kabisa, mimi natarajia. Mshehereshaji aseme kwa adabu, "Tunaomba wenye kuweza kusimama tusimame kwa wimbo wa taifa," na akishasema hivyo amemaliza kazi. Asirudie. Asiseme "nyie wa kule nyuma". Utaona asilimia kubwa ya uwanja inainuka yenyewe, kwa sababu watu wetu wanaupenda wimbo ule.

Na wewe mwenye kamati una kanuni moja tu, ishike hii hata ukisahau mengine yote niliyoandika: wimbo ukianza, ganda hapohapo ulipo, tazama bendera, usihesabu waliokaa. Vijana wako sita waambie hivyohivyo. Wimbo ukiisha ndipo waendelee kuzunguka kuzuia watoto wasiingie uwanjani. Kama kijana wako mmoja anatembea wakati watu wanaimba, huyo ndiye aliyevunja heshima, hata kama anamfuata mtu aliyekaa.

Halafu fanya jambo hili kesho, usisubiri Jumamosi. Nenda uwanjani saa ambayo hakuna mtu. Kila uwanja wa mtaa una mtu anayewahi kuja: anayemwaga chokaa, anayefyeka majani, anayefunga nyavu. Mwamkie. Kaa naye chini. Mwambie kutakuwa na mgeni na wimbo wa taifa, na kwamba akitaka kukaa akae, kiti chake kiko pale na hakuna atakayemsogelea. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe, yeye na wewe tu.

Ukitoka huko urudi hapa uniandikie kitu kimoja: kwenye ratiba yenu, wimbo ukianza, wewe katibu utakuwa umesimama wapi?