Msigawe saa za maji, gaweni hisa

Mwezi wa saba ukifika, komite za mifereji ya kumwagilia mashamba katika uwanda wa Ruzizi, mashariki ya Kongo, hazina kazi nyingine ila kusikiliza kesi. Mimi naishi Bukavu, lakini ni karani wa komite moja huko chini, na kesi nyingi naziona zinatoka kwenye ahadi moja: mtu aliambiwa siku ya Jumanne maji ni yake. Mto ukipungua, Jumanne inamletea matope, wakati jirani alishashiba Jumatatu.

Shauri langu: msimwahidi mtu saa wala lita. Mpeni hisa. Huko Colorado, Marekani, wakulima wana kampuni za mifereji wanazozimiliki wenyewe, na hisa haitaji kiasi cha maji, inataja sehemu. Mfereji ukiwa na hisa 100 na wewe una 5, unapata asilimia 5 ya kilichoingia, mto ujae au unyauke. Mchango wa mwaka unahesabiwa kwa hisa, kura mara nyingi vilevile, na asiyelipa anaweza kufungiwa maji.

Tusiige yote, lakini. Kati ya mfereji na mfereji, Colorado inafuata ukongwe: aliyeanza kutumia mto mapema anashiba kwanza, wa baadaye anafunga lango. Mfereji wa San Luis People's Ditch una haki ya mwaka 1852, ndiyo ya zamani kuliko zote huko. Kwetu kila ukoo ungeapa kwamba babu yake ndiye aliyechimba, na kesi isingeisha leo wala kesho. Tena sheria yetu ya maji, ya tarehe 31 Desemba 2015, inayaweka maji katika mali ya umma ya Serikali.

Hisa bila kipimo ni maneno matupu. Mwambieni seremala akate ubao wenye pengo la umbo la V, pembe ya nyuzi 90, muusimamishe kwenye mfereji mahali ambapo maji yametulia nyuma yake na yanaanguka huru mbele. Urefu wa maji upimwe nyuma kidogo ya ubao, si pale pengoni ambapo maji yameshainama. Yakifika sm 10 juu ya ncha ya chini, zinapita lita 4 na kidogo kwa sekunde. Yakifika sm 20, si lita 8 au 9 kama wengi wanavyodhani: ni karibu 25! Kutoka sm 10 hadi 14 tu, maji yamezidi mara mbili. Sasa mtu aliyefungua lango usiku akikwambia "niliongeza vidole viwili tu, muzee", unajua amechukua nini. Wekeni ubao mwingine mkiani, maana mfereji wa udongo unakunywa njiani, na hasara hiyo isibebwe na wa mwisho peke yake. Ikatwe kwanza, ndipo mgawe.

Kama mna bwawa, maji yake yawe na daftari lake. Wenzetu wa Colorado wanajaza mabwawa wakati wa baridi na theluji inapoyeyuka, mashamba yakiwa bado hayajaanza kudai. Sisi tuna mvua kuanzia Septemba hadi Mei, basi Aprili tujaze. Mkutano wa kugawa ufanyike Mei, kabla kiu haijaharibu akili za watu: toeni kinachokaushwa na jua na kinachopotelea chini, kilichobaki kifuate hisa. Anayetaka sehemu yake amjulishe mlinzi wa mfereji siku moja kabla, kwa sababu maji hayafiki mkiani papo hapo.

Hisa ifungwe na shamba. Katika wilaya ya Crowley, hukohuko Colorado, tangu miaka ya 1970 wakulima wengi waliuzia miji hisa zao, na mashamba makubwa yakabaki vumbi. Kwetu hatari iko karibu zaidi: mwenye shamba anakaa Bukavu au Uvira, anayelima ni mama aliyekodi. Mwenye shamba akikosa kutoa mchango, mama ndiye anayefungiwa mpunga ukiwa unachanua. Mkataba wa kukodi useme nani analipa makuta ya mfereji, na nakala ikae kwa karani kabla ya kupanda.