Barua kwa mwanangu Ilunga: ile namba 138 na dosiye yako ya kazi

Lubumbashi, tarehe 14 Septemba

Mwanangu Ilunga, baba yangu,

Ujumbe wa sauti ulionitumia Jumapili usiku nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa barazani nikingoja umeme urudi. Unaniuliza kama uandike katika sivii yako kwamba kipimo chako cha akili, hiyo namba mnayoiita QI, ni 138. Unasema kwa miezi saba umepeleka dosiye kwa kampuni za Kolwezi na Likasi bila kupata hata jibu la kukataliwa, na kwamba rafiki unayeishi naye amekushauri uiweke namba hiyo juu kabisa, chini ya jina lako, ili msomaji asiweze kuipita. Jibu langu ni kwamba usiiandike, wala juu wala chini. Hata hivyo sitaki jibu hilo likufikie kama amri ya mama, kwa sababu najua swali lako limetoka wapi. Mtu aliyebisha hodi miezi saba bila kuitikiwa hutafuta namna ya kubisha kwa nguvu zaidi, na hilo si kosa.

Kwanza elewa kwamba siipuuzi namba yenyewe. Ulipimwa katika kitivo cha saikolojia, ana kwa ana, na mtu aliyesomea kazi hiyo, si kwa mchezo wa kwenye simu. Jaribio ulilofanya, lile la Wechsler, limepangwa hivi kwamba wastani wa watu wa umri mmoja uwe 100, na kila alama 15 zihesabiwe kuwa hatua moja ya kuachana na wastani huo, kwa hiyo 138 au zaidi hufikiwa na watu kama 6 tu katika kila 1,000. Nilipoisoma karatasi yako nilifurahi sana, na shangazi yako alipata habari siku hiyo hiyo. Lakini nilisoma pia yale yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Yule mwanasaikolojia aliweka pembeni kwamba kipimo cha kweli kinaweza kuwa popote kati ya 132 na 141, na akaeleza kwamba viwango alivyotumia ni vya Ufaransa. Maana yake ni kwamba umelinganishwa na vijana wa huko. Mbele ya mtu anayejua mambo haya, namba yako inahitaji maelezo ya nusu ukurasa, na mbele ya asiyejua, ni namba tu, kama namba ya kiatu.

Historia ya kipimo hiki nayo inanisaidia kukujibu. Alfred Binet na Théodore Simon walipotengeneza jaribio lao jijini Paris mwaka 1905, kazi waliyopewa ilikuwa kuwatambua watoto waliohitaji kusaidiwa zaidi shuleni. Mwalimu alikuwa na swali, na jaribio likampa pa kuanzia. Hata jina la kigawo cha akili, ndiyo hiyo QI, lilikuja baadaye, mwaka 1912, pale Mjerumani William Stern alipopendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa. Tangu mwanzo, basi, kipimo hiki kilikuwa jibu kwa mtu aliyeuliza. Shefu wa atelie ya Kolwezi hajauliza. Swali alilo nalo ni jingine kabisa: huyu kijana nikimpa mota iliyoungua saa nane usiku, atafanya nini?

Utaniambia, Mama, mbona asilimia ya diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, tunaiandika, na hakuna anayetucheka? Ni hoja nzuri, na nimeifikiria. Asilimia hiyo tunaiandika kwa sababu mtihani ni mmoja kwa nchi nzima, na yule anayesoma dosiye aliufanya mwenyewe, watoto wake wameufanya, na anajua 62 ni nini na 80 ni nini. Tena karatasi yake ina mhuri anaoweza kuufuatilia akitilia shaka. Anaposoma asilimia yako, anasoma kitu anachokifahamu na anachoweza kukihakiki. Hiyo 138 haina hata moja kati ya hayo mawili.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Unajua nilikaa miaka 19 katika ofisi ya wafanyakazi ya kampuni moja hapa mjini. Mwaka 2011 tulitafuta mafundi umeme wawili, na dosiye zilizoletwa zilijaza makatoni matatu. Tuliketi wanne mezani, kila mtu na rundo lake la farde za kahawia, tukifungua, tukisoma, tukigawa upande wa kulia na wa kushoto. Mhandisi aliyekuwa karibu nami alifungua farde moja, akanyamaza, kisha akaisoma kwa sauti: kijana aliandika katika sentensi ya kwanza ya barua yake kwamba kipimo chake cha akili ni 141. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliuliza kimepimwa wapi, na hatukuona cheti. Mwingine akasema mtu wa namna hiyo hatakaa, akipata Afrika Kusini ataondoka kabla ya mwaka kwisha. Wa tatu akauliza kama atakubali kuamrishwa na fundi mzee ambaye hakumaliza sekondari. Tulimjadili dakika kumi, jambo ambalo hatukumfanyia mwingine yeyote siku hiyo, na dakika zote kumi zilikwenda kwenye ile namba. Farde ikawekwa kushoto. Jioni, nilipokuwa nazifunga zile zilizokataliwa kwa kamba, karatasi zake ziliteleza zikaanguka, nikaona ukurasa wa pili: miezi sita ya stajie, yaani mafunzo kazini, katika kituo kidogo cha umeme, pamoja na barua ya sifa ya shefu wake. Ndiyo kazi hasa tuliyokuwa tunaitafutia mtu. Hakuna kati yetu aliyekuwa amefungua ukurasa huo. Nilipaswa kuirudisha farde ile mezani asubuhi yake, na sikuirudisha, kwa sababu orodha ilikuwa imekwisha kusainiwa na mimi niliogopa kumsumbua mkubwa wangu. Kosa hilo ni langu, na limenikaa moyoni hadi leo. Uliponitajia namba yako, nilimwona yule kijana.

Hofu ile ya kwamba mwenye akili nyingi hatakaa haiko kwetu peke yetu. Katika mji wa New London, jimbo la Connecticut, Marekani, mtu mmoja aliomba kazi ya upolisi mwaka 1996 akapata alama 33 katika jaribio la uwezo wa kufikiri. Wakuu wa mji walikuwa wanawaita kwenye mahojiano wenye alama 20 hadi 27 tu, kwa hoja kwamba wanaozidi hapo huchoshwa na kazi na kuondoka baada ya kugharimiwa mafunzo. Alishtaki, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikaupa mji haki. Mimi naona walikosea, na bado naona hivyo. Lakini unapoandika barua ya kuomba kazi, huandiki ili kusahihisha makosa ya wenye kazi.

Na usifikiri nasema akili haihusiki na kazi. Inahusika sana. Wachunguzi wa mambo ya ajira wameonyesha kwa miaka mingi kwamba majaribio ya uwezo wa kufikiri ni miongoni mwa vitu vinavyosaidia kutabiri nani atafanya kazi vizuri, pamoja na kumpa mtu sehemu ya kazi yenyewe aifanye mbele yako. Ndiyo sababu kampuni nyingi za huko, baada ya kuchuja dosiye, huita watu kwenye jaribio la maandishi. Mwenye kazi akitaka kujua akili yako atakupima kwa karatasi yake, saa yake, na maswali ya kazi yake. Siku hiyo 138 yako itakuwa kichwani mwako ikifanya kazi, na hakuna atakayehitaji kuambiwa. Tatizo lako la sasa ni kufika kwenye jaribio hilo. (Kama fomu fulani itakuuliza wazi, kama zinavyofanya jumuiya za watu wenye vipimo vya juu, andika bila aibu na uambatishe cheti.)

Wala sikuambii kwamba chema chajiuza. Methali hiyo sikubaliani nayo katika jambo la kazi, kwa maana nimeona vyema vingi vikifungwa kwa kamba na kupelekwa stoo. Lazima useme. Ila useme kile ambacho msomaji anaweza kukiona. Katika sivii uliyonitumia mwezi wa tano umeandika juu ya stajie yako ya Likasi mstari mmoja: "Stajie ya miezi minne, atelie ya mota." Mbona hukuandika ulichonisimulia ulipokuja Krismasi, tukiwa tunachambua sombe? Uliniambia ulikuwa na daftari, ukaandika kila mota iliyoletwa kusukwa upya nyaya zake, zikafika 41, na ulipozihesabu ukakuta 17 zimetoka kwenye mstari mmoja wa mashine. Mafundi walisema mota zile ni za bei rahisi. Wewe ukaomba ruhusa ukapima umeme wa fezi zote tatu, yaani zile nyaya tatu zinazoleta umeme, pale zinapoingilia, ukakuta fezi moja iko chini sana kuliko nyingine, ukafuata waya hadi kwenye kiungio kilicholegea na kuungua. Baada ya kukazwa, hadi unaondoka, hakuna mota iliyorudi kutoka mstari ule.

Ilunga, hiyo ndiyo akili yako, na shefu wa atelie ataielewa bila mwanasaikolojia. Iandike katika sentensi tatu kavu, bila neno la kujisifu: mota 41, mota 17 za mstari mmoja, fezi uliyopima, kiungio ulichokikuta. Taja jina la fundi mkuu aliyekuwepo, kwa ruhusa yake, ili waweze kumpigia simu. Weka hayo kwenye ukurasa wa kwanza, si wa pili. Anwani na hali ya ndoa zinaweza kushuka chini, kwani hakuna aliyeajiriwa kwa hizo.

Karatasi ya kipimo itunze vizuri. Ni yako, ulifanya kazi kwa ajili yake, na ukitaka siku moja kurudi chuo kusoma zaidi inaweza kukutia moyo usiku ule ambao kitabu kimekataa kueleweka. Baba yako anakusalimu, anauliza kama lile sweta ulilipata.

Nitumie sivii mpya kabla ya Ijumaa, yote, hata kama itakuwa kurasa tatu. Nitaisoma hadi mwisho.

Mama yako