Kuongeza siku Thailand kwa pasipoti ya Tanzania

Mkuu, umesema uko Bangkok kwa viza ya utalii ya siku 60, unataka kufikisha miezi mitatu, na jamaa wamekushauri uvuke Laos urudi ugongewe muhuri mpya. Ushauri huo anaufaidi Mjerumani. Yeye anaingia Thailand bila viza. Sisi Watanzania hatumo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo ukivuka na viza yako ni ya kuingia mara moja, umeshajifungia nje, utaanza kuomba viza nyingine upya. Mambo mengi yaliyoandikwa mtandaoni kuhusu Thailand yameandikwa na Wazungu kwa ajili ya Wazungu, ukisoma chuja.

Njia yako ni kuongeza siku ukiwa humo humo ndani. Unapewa siku 30, ada ni baht 1,900, na hairudishwi hata ukikataliwa. Kwa Bangkok ni ofisi ya Uhamiaji ya Chaeng Watthana, Jengo B. Wahi asubuhi, maana saa sita mchana wanakwenda kula. Siku wanazihesabu kuanzia tarehe yako ya sasa inapoisha, kwa hiyo ukienda wiki moja kabla hupunjwi kitu. Sijui kwa nini watu wanangoja siku ya mwisho, wakati sikukuu za Thailand zenyewe haziishi.

Na tarehe ya kuangalia ni ile ya muhuri uliogongewa uwanja wa ndege. Ile iliyoandikwa kwenye viza ni mwisho wa kuitumia kuingia nchini, ukishaingia haina kazi tena.

Karatasi ni chache: fomu ya TM.7, picha moja ya sentimita 4 kwa 6, pasipoti na kopi zake. Kopi usihangaike kutoa mtaani. Pale pale kwenye jengo kuna huduma ya kopi na picha. Mama niliyemkuta mimi alichukua pasipoti, akafunua ukurasa wa picha, wa viza, wa muhuri, akatoa kopi zote bila kuniuliza neno, kisha akanigongea kidole chini ya kila karatasi: saini hapa, na hapa. Saini zote, maana kopi isiyo na saini hawaipokei.

Kinachowasumbua watu ni TM.30. Hiyo ni taarifa ya kwamba mgeni analala nyumba fulani, na mwenye nyumba anatakiwa kuipeleka Uhamiaji ndani ya saa 24 tangu ufike. Hoteli wanafanya wenyewe. Ukipanga chumba kwa mtu binafsi, wengi hawajali. Mwenye nyumba wangu alinijibu kila siku "kesho", na dirishani nikaambiwa nikaifuate kwanza. Faini kisheria ni yake, ila anayerudishwa na foleni yake ni wewe. Idai siku ile ile unapokabidhiwa ufunguo, na risiti yake baki nayo.

Usije ukadanganywa kwamba kuzidisha siku ni faini tu. Ni baht 500 kwa siku, mwisho 20,000, hiyo kweli. Lakini hapo ni pale unapojipeleka mwenyewe uwanja wa ndege kabla hujazidisha siku 90. Ukikamatwa mtaani umezidisha, hata kama haijafika mwaka, unapigwa marufuku kuingia miaka mitano. Na kwa rangi yetu, maeneo kama Nana na Pratunam, kusimamishwa na kuulizwa pasipoti si jambo la ajabu.

Umegusia pia kwamba katikati unaweza kuruka Guangzhou kuangalia mzigo. Ukitoka hivi hivi, siku ulizolipia zinakufa pale pale mpakani. Kabla ya kutoka chukua kibali cha kurudi, fomu TM.8, baht 1,000 kwa safari moja, palepale Chaeng Watthana. Ukishapata muhuri wa siku 30, nenda dirisha la kibali hicho siku hiyo hiyo, umalize yote kwa nauli moja.