Maswali ya Wasomaji: Chagua Kozi Kwanza, Jina la Chuo Baadaye

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu dirisha la udahili wa vyuo vikuu, ambalo kwa kawaida hufunguliwa mara baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka mwezi Julai. Tumechagua tatu.

SWALI: Mimi ni msichana wa kidato cha sita, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), katika shule ya bweni mkoani Iringa. Katika mtihani wa utamilifu nilipata C ya Kemia, C ya Biolojia na D ya Fizikia. Baba anataka niombe Udaktari Muhimbili tu, kwa sababu anaamini kuwa anayejaza vyuo vingi huonekana hana msimamo. Mwalimu wa taaluma anasema niombe vyuo vingi kadiri niwezavyo. Nimsikilize nani?

JIBU: Binti yetu, kila mmoja wao ana sehemu ya ukweli, lakini hofu ya baba kuhusu msimamo haina msingi katika utaratibu wa sasa. Kati ya mwaka 2010 na 2017 waombaji walipitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, na huenda ndio utaratibu ambao wazazi wengi wanaukumbuka. Siku hizi mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka, na akichaguliwa na zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja anachokwenda kusoma. Hakuna anayeadhibiwa kwa kuomba vyuo vitatu au vinne.

Kabla ya kuhesabu vyuo, hesabu alama zako kwa usahihi, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hujichanganya. Baraza la Mitihani linapopanga daraja, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na E ni 5, kwa hiyo mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Vyuo vikuu vinapodahili huhesabu kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Alama zako za utamilifu zingekupa pointi 10 na daraja la pili kwa Baraza, lakini mbele ya chuo ungekuwa na pointi 8. Kigezo cha jumla cha kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4, nawe ungekivuka bila shida. Hata hivyo, kila kozi ina masharti yake juu ya hayo, na Udaktari hudai Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu kwa viwango vilivyoandikwa katika Mwongozo wa Udahili unaotolewa na TCU kila mwaka. Usome mwongozo wa mwaka wako, wala si ule wa dada yako, kwa kuwa masharti hubadilika.

Naomba wewe na baba mlizingatie jambo linalofuata kwa makini. Kutimiza masharti kunakupa haki ya kushindana tu, na nafasi hugawiwa kwa ushindani. Muhimbili, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1963, huombwa na wanafunzi waliofaulu vizuri kuliko wote nchini, na mwenye pointi 8 anayeomba hapo peke yake anaweza kukosa nafasi ilhali angepokewa kwingine kusomea kazi ileile. Udaktari unafundishwa pia Chuo Kikuu cha Dodoma, katika kampasi ya Mbeya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, KCMC mjini Moshi, Bugando mjini Mwanza na Kairuki jijini Dar es Salaam. Kozi ni ya miaka mitano popote utakapokwenda, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini. Jambo la kuuliza kuhusu chuo cha udaktari ni hospitali ambayo wanafunzi wake wanajifunzia, idadi ya wagonjwa wanaofika hapo na idadi ya madaktari bingwa wanaofundisha wodini. Bugando na KCMC ni hospitali za rufaa za kanda zinazopokea wagonjwa kutoka mikoa mingi, na mwanafunzi anayetaka kujifunza kwa macho na mikono hapungukiwi huko.

Kwa hiyo Muhimbili iwe chaguo lako la kwanza, kama moyo wako uko huko. Ongeza vyuo viwili vingine vyenye Udaktari, kimojawapo kiwe cha umma, kwa sababu ada za udaktari katika vyuo binafsi ni kubwa mno kwa familia nyingi. Halafu, na hili mwalimu wako hakulisema, usijaze Udaktari katika nafasi zote za fomu. Kila chuo kinakuruhusu kupanga kozi kadhaa kwa mfuatano, nami nimesikitika mara nyingi kuona vijana wenye alama nzuri wakibaki nyumbani awamu ya kwanza na ya pili ya udahili kwa sababu walirudia kozi moja ngumu kila mahali. Fikiria Uuguzi, Famasia, au Tiba ya Mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Usiandike kozi ambayo ukiipata utaisoma ukinung'unika. Waulize wauguzi na wafamasia wa hospitali iliyo karibu nawe siku yao ya kazi ilivyo, ndipo uandike.

Kuhusu baba, mwombe akae nawe muusome Mwongozo pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Mzazi anayeona masharti kwa macho yake husikiliza tofauti na yule anayesimuliwa.

SWALI: Mimi ni mkulima wa korosho, Mtwara. Kijana wangu amesoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) na anataka kuomba vyuo vya Dar es Salaam tu. Nategemea apate mkopo wa serikali. Je, akichagua chuo fulani ana uhakika zaidi wa mkopo?

JIBU: Ndugu mzazi, hapana. Mkopo huombwa kwa maombi yake ya pekee kwenye Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na Bodi hutazama uhitaji wa familia na kozi anayosomea, mradi chuo na kozi viwe na ithibati. Mnachoweza kukifanya sasa ni kuandaa nyaraka: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na majina yaliyomo yalingane na ya cheti cha kidato cha nne. Kijana atumie namba ileile ya mtihani wa kidato cha nne kwenye maombi ya chuo na ya mkopo.

Kuhusu Dar es Salaam, mweleze kwa upole kwamba si kila anayeomba hupewa mkopo wa asilimia mia moja, na kwamba fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, huisha upesi kwa anayepanga chumba mjini na kupanda daladala kila siku. Mwenye EGM anaweza kusoma Uchumi Mzumbe au Dodoma, na Uchumi Kilimo Sokoine. Kwa mtoto wa mkulima wa korosho, mimi ningemshauri aitazame hiyo ya mwisho kwa uzito. Dar es Salaam ibaki kwenye orodha, lakini isiwe peke yake.

SWALI: Kuna mtu mtaani kwetu Temeke anadai kuwa nikimlipa atanihakikishia nafasi chuoni bila kujali alama. Nifanye nini?

JIBU: Usimlipe, wala usimpe nywila yako. Nafasi haiuzwi, na mtu akikufungulia akaunti anaweza kuthibitisha chuo usichokitaka kwa jina lako. Kama chuo chenyewe hukifahamu, tafuta jina lake katika orodha ya TCU, au katika orodha ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, kwa kozi za cheti na stashahada, na uhakikishe kwamba kozi unayoitaka imo pia, kwa sababu chuo chenye ithibati kinaweza kutangaza kozi ambayo bado haijaidhinishwa.