Usikie Wimbo Kabla Haujaimbwa

Nilipokabidhiwa kwaya yetu hapa Mbeya tulikuwa watu 32. Miezi minane baadaye, mazoezi ya Alhamisi yalianza na watu 11, na mvua ikinyesha tulikuwa saba. Nililaumu baridi, nikalaumu simu. Kumbe sikujua ninawapeleka wapi. Wiki hii nawafundisha wimbo wa taratibu kwa nota, wiki ijayo nimesikia kwaya nyingine redioni, naleta kinanda na kucheza. Siku moja mama mmoja wa alto aliniita pembeni akaniambia, "Mwalimu, kuimba hatujachoka. Tumechoka kuanza upya."

Neno hilo lilininyima usingizi.

Baadaye nilisafiri hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanakouza vyungu vya Wakisi. Nilikaa na mfinyanzi mmoja karibu asubuhi nzima. Alichukua donge la udongo, akalipima mkononi, akamega kipande, akakirudisha kwenye rundo. Nikamuuliza, mbona unapunguza na hujaanza? Akasema hiki ni chungu cha mboga, udongo ule ungetosha mtungi. Chungu alikuwa nacho kichwani tayari, ndiyo maana mkono ulijua cha kuondoa. Mimi kwenye kwaya sikuwa naondoa kitu. Kila kilichonipendeza nilikiingiza.

Ukitaka mfano mkubwa, sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaishi nao. Zambia ilihitaji njia ya kusafirishia shaba isiyopita Rhodesia ya walowezi, Zimbabwe ya leo. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zikakataa kugharimia reli, zikisema hailipi. Nyerere na Kaunda hawakuiacha. Wakakubaliana na China, ujenzi ukaanza 1970, na kufikia 1975 reli ya TAZARA ilikuwa imetoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Kipande cha Mlimba hadi Makambako peke yake, kwa milima na makorongo yale, kingemrudisha nyumbani yeyote asiyejua treni inakwenda wapi.

Basi, ndugu yangu unayeongoza kwaya, kikundi cha ngoma au hata kikoba, kabla hujawaita watu, kaa peke yako na jambo hilo. Mimi siku hizi hukaa na wimbo usiku mbili tatu mpaka niusikie hadi mwisho: besi waingie wapi, soprano washuke wapi, msikilizaji atoke kanisani na nini moyoni. Kisha nawaeleza wenzangu kwa sentensi moja. Nikishindwa kuisema hiyo sentensi, siufundishi.

Nilidhani utaratibu huu ungewabana. Mwezi uliopita kijana wa sauti ya tena (tenor) alisimama katikati ya mazoezi akasema ubeti wa tatu tuumalize bila kinanda, sauti tupu, kwa sababu hapo ndipo mtu anapolia. Alikuwa sahihi kabisa. Nikamwachia nafasi yangu mbele, aufundishe yeye.